Simu ya Nyumbani ya Intaneti Inapokatika-katika: Anza kwa Kuuliza Nani Anayesikia Tatizo

Kampuni za simu hapa Uingereza zinaendelea kuzima mtandao wa zamani wa simu za analogi uliotumia nyaya za shaba, kazi inayotarajiwa kukamilika Januari 2027, na kwa sababu hiyo familia nyingi za wenzetu ninaozifahamu Leicester zimejikuta na simu ya mezani isiyochomekwa tena ukutani bali nyuma ya ruta. Namba ni ileile na mkono wa simu ni uleule, lakini sauti sasa inasafiri kama data, ikipita mlango mmoja na televisheni, kamera ya mlangoni na michezo ya watoto. Wengine wetu tuliingia kwenye simu za namna hii mapema zaidi, kwa kununua adapta, kifaa kidogo kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti, na kufungua akaunti kwenye kampuni ya bei nafuu ili tuweze kuzungumza na wazee nyumbani bila kuhesabu dakika. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa na ndugu na majirani sauti zinapoanza kuharibika, nimeona niuandike utaratibu ninaoufuata, hasa kwa kuwa ushauri wa kwanza ambao watu hupewa, yaani kununua intaneti yenye kasi kubwa zaidi, mara nyingi hausaidii kitu.

Kabla hujagusa waya wowote, uliza ni nani anayesikia tatizo. Mazungumzo ya simu ya intaneti ni mikondo miwili ya sauti isiyotegemeana: sauti yako inatoka nyumbani kwako kwa njia ya kupakia, na sauti ya mwenzako inaingia kwa njia ya kupakua. Mama yangu aliye Tanga akiniambia, "Mwanangu, unakatika, rudia," ilhali mimi namsikia bila shida, najua kwamba ninapaswa kutazama njia yangu ya kupakia au mtandao wake wa kupokea, na kwamba hakuna haja ya kuchezea kitu kingine. Mimi ndiye nikimsikia anakatika na yeye ananisikia vizuri, uchunguzi unageuka upande wa pili. Jambo hili ni jepesi mno kiasi kwamba watu hulipuuza, kisha wanapompigia fundi wanasema tu kwamba "simu ni mbovu", naye anabaki akikisia.

Baada ya hapo, sikiliza aina ya ubovu wenyewe. Sauti inayotoweka kwa nusu silabi, au inayogeuka kuwa ya kiroboti, ni dalili ya pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyobeba sauti, zilizopotea au zilizochelewa. Kwa kawaida adapta hutuma pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikibeba milisekunde 20 za maongezi, na pakiti isipofika kwa wakati, kifaa cha upande wa pili hujaribu kuziba pengo kwa kurudia kipande kilichotangulia. Kurudia huko ndiko kunakoleta sauti ya kiroboti. Kwarakwara na mvumo, kwa upande mwingine, mara nyingi havitoki kwenye intaneti kabisa. Vinatoka kwenye waya uliolegea kati ya simu na adapta, kwenye betri iliyochoka ya simu isiyo na waya, au kwenye nyaya za zamani za ukutani ambazo mtu ameziunganisha na ruta ili simu ya chumbani nayo ilie. Chomeka simu nyingine ya kawaida moja kwa moja kwenye adapta na usikilize. Kwarakwara ikiisha, umemaliza kazi.

Mwangwi nao una kanuni yake inayowashangaza wengi: ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, kosa liko kwa unayezungumza naye. Spika ya simu yake inavuja hadi kwenye kipaza sauti chake, na sauti yako inarudi ulikotoka. Mwombe azime spika ya nje au apunguze sauti. Shangazi yangu hupenda kuiweka simu mezani kwa spika ili nyumba nzima inisalimie, na siku hizo nimekubali kujisikia mara mbili mbili.

Kuchelewa ndiko kunakochosha zaidi, na sisi watumiaji wa Kiswahili tunakutambua upesi kwa sababu ya salamu zetu. Unasema "Shikamoo", kimya, unadhani hukusikika, unarudia, na hapo hapo "Marahaba" inagongana na shikamoo ya pili, yeye anauliza "Hujambo?" wakati wewe tayari unauliza habari za nyumbani, na kila mmoja ananyamaza kumpisha mwenzake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linaeleza kwamba ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja hausumbui mazungumzo mengi, na kwamba mitandao haipaswi kupangwa kwa ucheleweshaji unaozidi 400. Sehemu ya ucheleweshaji huo haiepukiki, kwa kuwa mwanga hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000 za faiba. Hata ukihesabu kebo yenye urefu wa kilomita 10,000 kutoka Ulaya hadi pwani yetu, hizo ni milisekunde 50 tu. Kinachobaki kinaongezwa na vifaa vilivyoko njiani, na sehemu kubwa yake inaweza kuwa nyumbani kwako.

Hapa ndipo napenda kukaa kwa muda, kwa sababu matatizo mengi niliyoitiwa yaliishia hapa. Simu moja yenye sauti ya ubora wa kawaida wa laini ya mezani, ile inayotumia mfumo uitwao G.711, inahitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Hata laini dhaifu ya shaba inayopakia megabiti moja tu kwa sekunde inaweza kuibeba na kubaki na nafasi. Kasi basi si tatizo. Tatizo ni foleni. Saa kumi jioni watoto wanarudi kutoka shule, simu zao zinaungana na Wi-Fi, na papo hapo zinaanza kupakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta nyingi, badala ya kukataa mzigo unaozidi uwezo wa laini, huupokea wote na kuulimbikiza kwenye kumbukumbu zake, na pakiti ya sauti inayofika wakati huo inajipanga mwisho wa mlolongo, kama mwendesha bodaboda aliyezuiwa asipenye akalazimika kusubiri nyuma ya malori kwenye kivuko cha Kigamboni. Inafika, lakini mazungumzo yameshapita.

Kuthibitisha hilo hakuhitaji fundi. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, fungua dirisha la amri na uandike ping 8.8.8.8, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya Google, ukiongeza -t mwishoni kama unatumia Windows ili kipimo kiendelee bila kukoma. Tazama namba za milisekunde kwa dakika moja nyumba ikiwa imetulia, kisha mwambie mtu apakie video ndefu na uendelee kutazama. Katika laini nzuri namba zinapanda kidogo tu. Katika laini yenye foleni utaziona zikiruka kutoka 15 au 20 hadi mia kadhaa, na zikishuka ghafla mara tu upakiaji unapokoma. Kipimo cha kasi cha kawaida kinaweza kukupa matokeo ya kupendeza kabisa kwenye laini hiyo hiyo, na ndiyo maana huduma kwa wateja hukuambia kwamba hawaoni tatizo.

Dawa yake ni kuifanya ruta yako isitume data kwa kasi inayozidi uwezo wa laini. Ruta zenye mpangilio wa kusimamia foleni kwa akili, hasa mbinu iitwayo FQ-CoDel inayopatikana katika programu huria ya OpenWrt, hukuruhusu kuweka kikomo cha kupakia cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi, na baada ya hapo simu na video hupita pamoja bila kuumizana. Ruta nyingi zinazotolewa bure na kampuni za intaneti hazina mpangilio huo. Kama huwezi kununua nyingine, panga hifadhi ya picha ifanyike usiku watu wakiwa wamelala. Haigharimu chochote, na katika nyumba moja ilitosha. Kumbuka pia kwamba simu inayochomekwa kwenye ruta ya kampuni yenyewe kwa kawaida hupewa kipaumbele na ruta hiyo, kwa hiyo foleni huwatesa zaidi watumiaji wa adapta binafsi na programu za simu. Kwa upande mwingine, baadhi ya kampuni hazitoi nywila za akaunti ya simu, na ukibadilisha ruta yao unapoteza simu. Uliza kabla ya kununua.

Ukifanya kipimo hicho hicho dhidi ya ruta yenyewe, ambayo anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utapata jibu la swali la Wi-Fi. Kwa waya, majibu ya ruta hayapaswi kuzidi milisekunde moja au mbili. Kwa Wi-Fi, ukiona namba zikirukaruka, kuna kuta nene, majirani wengi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, au maikrowevu inayofanya kazi karibu. Adapta ya simu iunganishwe kwa waya, bila mjadala. Simu za mezani zisizo na waya zinazouzwa Ulaya hutumia masafa yao ya megahezi 1880 hadi 1900, kwa hiyo hazigombani na Wi-Fi, ingawa kituo chake kikibanwa kati ya ruta na ukuta nacho hulalamika.

Kuna ubovu mwingine ambao hauna uhusiano na foleni wala Wi-Fi, nao una sahihi yake. Simu inakatika yenyewe takriban sekunde 32 baada ya kupokewa, kila mara. Au simu inapokewa lakini upande mmoja hausikii kitu kabisa. Au unaweza kupiga lakini ukipigiwa simu hailii. Dalili ya kwanza na ya pili mara nyingi husababishwa na kipengele cha ruta kinachoitwa SIP ALG, ambacho kilikusudiwa kuzisaidia simu za intaneti kupita kwenye ruta lakini huishia kuharibu anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa kuanzisha simu. Ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokewa unapopotea, upande uliopokea unausubiri kwa sekunde 32, kisha unakata. Ingia kwenye mipangilio ya ruta na ukizime. Dalili ya tatu hutokana na ruta kusahau kwamba adapta ipo. Weka adapta itume ujumbe mfupi wa kujitambulisha kila baada ya sekunde 30, mpangilio ambao karibu adapta zote zinao.

Ukiwa bado kwenye mipangilio ya adapta, angalia mfumo wa sauti uliowekwa kwanza. Kampuni za bei nafuu hupenda G.729, unaobana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde. Kwa simu za kwenda simu ya mkononi Tanzania au Kenya hili ni jambo baya, kwa sababu mtandao wa simu unaipokea sauti iliyobanwa tayari na kuibana tena kwa namna yake, na mzee anasikia kana kwamba umefunikwa blanketi. Weka G.711, toleo lake liitwalo A-law, iwe ya kwanza, ndiyo inayotumika Ulaya na Afrika Mashariki.

Umeyafanya hayo yote na simu za ndani ya Uingereza zinasikika vizuri, ila za kwenda nyumbani Afrika Mashariki tu ndizo zinazokwamakwama? Sasa una haki ya kulaumu safari. Mwezi Februari 2024 kebo kadhaa za intaneti zilikatika chini ya Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Katika siku kama hizo data huzungushwa njia ndefu na hakuna ruta itakayokuokoa. Lakini siku za kawaida, jaribu kumpigia mtu yuleyule kwa WhatsApp dakika hiyo hiyo. WhatsApp ikiwa safi na simu ya kawaida ikiwa mbovu, inaelekea kampuni yako inapitisha simu zako kwa wakala wa bei ya chini, nayo inaweza kubadilisha njia ikibanwa.

Kuibana kunahitaji ushahidi wanaoweza kuutafuta kwenye kumbukumbu zao: tarehe, saa, namba uliyopiga, nani aliyesikia tatizo, na lilianza sekunde ya ngapi. Toa saa ya Uingereza. Mama akisema simu ilikatika saa mbili usiku, kwao ni saa 20:00, na hapa ni 18:00 wakati wa kiangazi au 17:00 wakati wa baridi, na fundi anayetafuta saa isiyo sahihi hataona chochote. Kampuni moja niliyokuwa nayo ilinijibu mara kadhaa kwamba nizime na kuwasha ruta, hadi nilipowapelekea simu tano zenye maelezo kamili, ndipo wakakiri kwamba njia yao ya kwenda mtandao mmoja wa Tanzania ilikuwa na hitilafu. Wakiendelea kukuzungusha, kila mtoa huduma wa simu za nyumbani hapa analazimika kuwa mwanachama wa chombo huru cha usuluhishi, na orodha yako ya simu hizo ndiyo utakayoipeleka huko. Ukiamua kuhama, usivunje mkataba wa zamani mwenyewe. Mwachie mtoa huduma mpya aihamishe namba kwanza, kwa kuwa namba iliyokwisha kukatwa inaweza isirudi tena.