Majani ya mepo yanaungua pembeni, niweke mbolea?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina mti wa mepo (maple) ya Kijapani, ile ya majani mekundu yaliyochanika chanika, niliipanda bustanini mwaka jana. Msimu ulipoanza ilitoa majani mazuri tu, sasa jua limekuwa kali ncha zote zimekauka zimekuwa kahawia, ukizishika zinavunjika. Maji nampa kidogo kidogo kila jioni. Jirani mmoja anasema nimwagie mbolea ya chumvichumvi, mwingine anasema ni fangasi nikate matawi yote. Nifanyeje jamani, naupenda sana huu mti.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mbolea usiweke kwanza, na mkasi pia uweke pembeni. Chukua jani moja ulitazame vizuri. Kama ukavu umeanzia kwenye ncha na kingo, ila katikati kwenye mishipa bado lina rangi yake, na yaliyoungua zaidi yako upande unaopigwa na jua la mchana au upepo, basi hapo hakuna fangasi. Jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, ndo maana linaanza kufa kutokea pembeni, mahali ambapo maji yanafika mwisho.

Kwao Japani na Korea hii miti inaota msituni chini ya miti mikubwa, kwa hiyo imezoea kivuli chepesi, na mizizi yake haiendi chini sana, inatambaa karibu na uso wa udongo. Sasa wewe ukinyunyiza kidogo kila jioni udongo unalowa juu tu, kesho saa sita umeshakauka wote. Bora umwagilie mara chache lakini maji yashuke kabisa, halafu kabla ya kurudia chomeka kidole, kama udongo kwa ndani bado una ubichi subiri, maana kwenye udongo uliotuama maji mizizi inaoza na majani yanakauka vilevile, mtu anadhani ni kiu anazidi kumwaga. Kisha tandaza magome au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mti, ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, na hapa nasisitiza kwa sababu naona watu wengi wanarundika kilima kwenye shina mpaka gome linaoza.

Mbolea ya chumvichumvi kwa mti wenye kiu ni kuuongezea mzigo, chumvi inafanya mizizi ishindwe zaidi kunyonya maji. Mboji kidogo mwanzoni mwa msimu ujao inatosha.

Majani yaliyoungua hayaponi, yaache hivyo hivyo bado yanalisha mti. Kwa sasa weka kitu cha kuukinga na jua la mchana, na kama mahali penyewe ndo pabaya utauhamisha ukishapukutisha majani na kulala. Tafuta sehemu yenye jua la asubuhi, kwa sababu ukiuficha kwenye kivuli kizito ule wekundu unafifia unaelekea kijani.

Fangasi wa kuogopa yupo, anakaa udongoni, lakini dalili yake ni tofauti kabisa: tawi zima linanyauka ghafla, mara nyingi upande mmoja tu, na ukilikata unakuta michirizi ya kijani kilichokolea karibu na weusi ndani ya mti. Huyo hana dawa ya kumtibu, unakata tawi mpaka kwenye sehemu isiyo na ugonjwa na kusafisha mkasi kwa spiriti.

SWALI: Mimi naishi sehemu ya joto mwaka mzima, nikipanda mepo kwenye chungu kivulini itakubali?

JIBU: Dada, sikushauri. Kivuli kitakusaidia majani yasiungue ila shida yenyewe ni kwamba mepo lazima ipate miezi ya baridi, ipukutishe majani ilale, na bila hiyo mapumziko inachipua ovyo, inadhoofika taratibu mpaka inakufa. Na zile rangi za moto ambazo wengi ndo wanazifuata zinahitaji usiku wa baridi na mchana wenye jua kabla majani hayajaanguka. Kama unachotaka ni majani mekundu ya mapambo, nunua kroton, yenyewe joto ndo kwao na kwenye chungu inakaa vizuri tu.