Maswali yenu: Kiingereza chenye koma za Kiholanzi

Safari hii nimewakusanya pamoja mnaofanya kazi na Waholanzi, mnaosoma kwao na mlioolewa nao, maana wote mnalia na jambo moja: Mholanzi anaongea Kiingereza kizuri tu, akianza kuandika ndo alama za kwao zinaingia.

Mwalimu, niko Naivasha kwenye shamba la maua. Bosi Mholanzi katuma imeili ya Kiingereza, bei imeandikwa euro 1.250. Mwenzangu anasema ni euro moja na senti, mimi nasema ni elfu moja na kitu. Nani kapatia?

Wewe. Uholanzi nukta ndo inatenga maelfu na koma inatenga desimali, kwa hiyo 1.250,50 yao ni 1,250.50 yetu sisi na Waingereza. Kwenye pesa angalia tarakimu zilizo baada ya alama ya mwisho, zikiwa mbili hizo ni senti, zikiwa tatu karibu kila mara ni maelfu. Ila kwenye uzito usiamini hiyo njia hata kidogo, kilo 2.500 inaweza kuwa tani mbili na nusu au kilo mbili na nusu iliyoandikwa mpaka gramu, hapo piga simu uulize kabla hamjapakia. Na faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tu) likitoka kwenye kompyuta iliyosetiwa Kiholanzi usishangae ukikuta limetenganishwa kwa nukta mkato (;), maana koma tayari ina kazi nyingine. Kati ya yote ya leo hili ndo linaloweza kuwatia hasara, mengine ni ya kuchekwa tu.

Shikamoo mwalimu. Mume wangu Mholanzi ameandika "photo's" na "taxi's" kwenye tangazo la nyumba yetu ya wageni, nikimwambia futa anasema ndivyo walivyofundishwa shule.

Marahaba mama. Hadanganyi, walifundishwa hivyo, ila kwenye somo la Kiholanzi. Kwao neno likiishia na a, i, o, u au y, wingi wake kwa kawaida unawekewa ritifaa (hii hii ya ng'ombe) kabla ya s: foto's, taxi's, baby's. Ina sababu, bila hiyo alama msomaji wao ataitamka ile irabu ya mwisho kwa kuikata fupi. Kiingereza hakina shida hiyo, ni photos, taxis, babies basi. Sasa mwangalie kwenye umiliki, hapo utakuta kinyume chake, ataandika "Peters bike" bila alama kwa sababu kwao ni "Peters fiets", ritifaa inakuja tu jina likiishia na irabu kama hizo za juu, mfano "Anna's fiets" au likiwa tayari lina s mwishoni kama "Hans' fiets". Yaani anaiweka isipotakiwa na anaiacha inapotakiwa. Kinachouma zaidi ni kwamba hata Waingereza wenyewe wanaikosea kwenye wingi na wanachekana kwa hilo, wanasema ni ritifaa ya wauza mboga, kwa hiyo mgeni wenu wa London akisoma tangazo hatasema huyu ni Mholanzi, atasema huyu hakusoma.

Nimekulia Uholanzi, sasa naandika tasnifu kwa Kiingereza. Msimamizi kaizungushia rangi nyekundu koma yangu hapa: "The farmers who live near the dam, want compensation." Kosa liko wapi?

Ukiandika kwa Kiholanzi unapata "De boeren die bij de dam wonen, willen compensatie", vitenzi viwili vimekutana uso kwa uso, wonen (wanaishi) na willen (wanataka), na koma kawaida inakaa katikati kuviachanisha. Kiingereza hakipeleki kitenzi mwisho namna hiyo, hakuna kilichogongana, koma yako inabaki imewakata wakulima na kile wanachotaka. Itoe. Au weka mbili, moja kabla ya who na nyingine baada ya dam, lakini ujue maana imegeuka, sasa unasema wakulima wote unaowazungumzia wanaishi karibu na bwawa, na kwenye utafiti wa fidia hiyo si tofauti ndogo hata kidogo! Halafu ukipitia tena tafuta kila "However" iliyoanza sentensi uiwekee koma baada yake, kwenye Kiholanzi kitenzi kinafuata hapo hapo bila koma ndo maana mkono unaisahau.

Mfanyakazi mwenzangu anaandika monday na january kwa herufi ndogo. Uvivu?

Hapana, kwao ni maandag na januari, ndogo. Kwa Kiingereza zote kubwa.

Na mkutano "at 14.30 hour"?

Nukta mwachie, Waingereza wengi nao wanaandika saa kwa nukta. Mfutie hiyo hour, ni "uur" yao wanayoiweka baada ya kila saa.