Usimwage maji kwenye modeli kabla ya kukagua madaraja

Nikipokea data za mwinuko za lida (vipimo vya ardhi vya leza kutoka angani) kwa kazi ya kuiga mafuriko kwenye kompyuta, naanza na madaraja. Leza inayopigwa kutoka kwenye ndege hugonga sakafu ya daraja. Mto unaopita chini yake haiuoni. Ukiliacha hivyo, daraja linageuka bwawa: upande wa juu nyumba zinazama bure, na walio upande wa chini wanaonekana wako salama wakati hawako. Kwenye mafaili ya LAS, yanayohifadhi nukta za leza, ardhi huwekwa kundi la 2, majengo la 6, maji la 9 na sakafu za madaraja la 17, lakini vidaraja vidogo nimevikuta mara nyingi vimejificha ndani ya kundi la 2. Kwa hiyo ufuate mto mwenyewe kwa macho, kutoka juu hadi chini, ukisimama kila mahali barabara au reli inapoukata.

Makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni magumu zaidi kwa kuwa kutoka angani hayaonekani. Hapo hakuna njia ya mkato: mtu aende akapime upana wake na mwinuko wa sakafu yake pande zote mbili. Ukiweza, liingize kama kalavati halisi ndani ya programu ya kuiga mafuriko; HEC-RAS, kwa mfano, inaruhusu. Kulipasua tuta lote la barabara kwenye rasta (ramani ya mwinuko iliyogawanywa katika seli, yaani miraba midogo) hupitisha maji mengi kuliko bomba linavyoweza.

Kitufe cha kujaza mashimo yote, nakusihi usikiguse. Kinafaa unapochora mikondo ya maji tu. Katika mafuriko, mabonde na mashimo hayo ndiyo yanayopokea maji, na ukiyajaza utayasukuma maji hayo kwa watu ambao yasingewafikia.

Kisha kuna matuta ya kuzuia maji. Chukua tuta lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Ukigeuza rasta yenye seli za mita 1 kuwa ya seli za mita 10 kwa kutumia wastani, linabaki na kimo cha sentimita 60 hivi, na maji yanalivuka mapema mno. Chora mstari wa kilele chake na uulazimishe ndani ya modeli. Kupunguza ukubwa wa seli kila mahali ni ghali: ukipunguza urefu wa upande wake kwa nusu, idadi ya seli inakuwa mara 4, na kwa kuwa hatua ya muda ya hesabu nayo hupungua, kazi inakaribia mara 8.

Leza ya kawaida ya infraredi haipenyi maji, kwa hiyo kina cha mto kitoke kwenye vipimo vya mtoni. Hakikisha vipimo hivyo na lida vinahesabu mwinuko kutoka msingi mmoja. Elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia) na jioidi (uso unaokaribiana na usawa wa wastani wa bahari) zinaweza kutofautiana kwa makumi ya mita.

Mwishowe nyesha mvua ya majaribio juu ya uso mzima. Maji yakituama nyuma ya barabara, rudi pale ukatafute kalavati lililosahaulika.