Ukirudi Cambridge, usianze kwa kutazama juu

Msomaji mmoja ameuliza: anarudi Cambridge, mji wa chuo kikuu huko Uingereza, baada ya miaka mingi, ana siku moja tu, aone nini kipya? Asitafute kipya. Arudi palepale alipopigia picha, kwenye kanisa la King's College, ila safari hii alikague kama anayekagua kazi ya fundi.

Aanzie nje, ubavuni mwa jengo. Mfalme Henry VI aliweka jiwe la msingi mwaka 1446, na mafundi wakajenga kwa mawe meupe ya Yorkshire. Mwaka 1461 vita vya kugombea ufalme vikamng'oa, fedha zikakatika. Kazi iliposhika kasi tena, mawe yalikuwa mengine, ya rangi iliyokolea kidogo. Tafuta mpaka wa rangi hizo mbili. Mashariki, walikoanzia, weupe unapanda juu. Ukielekea magharibi unashuka hadi karibu na ardhi. Hapo ndipo hela zilipoishia.

Ndani, watu wengi husimama katikati, wakakunja shingo dakika mbili, wakatoka. Kaa kitini, shika darubini ndogo, chagua mstari mmoja wa jiwe uliochomoza na uufuate kutoka ukutani hadi darini. Dari hili, kazi ya John Wastell ya 1512 hadi 1515, liko mita 24 juu, na mawe yake yanafunguka kama mapepeo yanayokutana katikati. Dari zito namna hiyo husukuma kuta zifunguke nje. Kinachozizuia ni nguzo nene za kuegemeza ulizoziona nje, na kwa kuwa mzigo unabebwa huko, nafasi kati ya nguzo zimeachiwa vioo: madirisha 12 kila upande, na moja kila mwisho.

Vioo visomwe kwa jozi. Kwa kawaida chini ni habari za Agano Jipya, juu yake kisa cha Agano la Kale kinachofanana nazo. Anza ukuta wa kaskazini, mwisho wa magharibi, uende mashariki, kisha urudi kwa kusini.

Henry alikuwa ameagiza pasiwe na nakshi nyingi. Upande wa mashariki agizo lake linaonekana. Magharibi warithi wake, wafalme wa ukoo wa Tudor, wamejaza mawaridi, majoka na mataji hadi inachosha.

Kosa la kawaida ni kutegemea ibada ya jioni badala ya tiketi ya kutembelea kanisa. Ibada ni bure na kwaya ni nzuri mno, lakini huruhusiwi kuzunguka wala kupiga picha, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, madirisha yote yakawa meusi. Njoo asubuhi, baada ya kuangalia ratiba kwenye tovuti ya chuo.

Ukitoka, jengo jirani ni Senate House, ukumbi wa chuo kikuu. Humo David Livingstone alihutubia tarehe 4 Desemba 1857, na mwito wake ukazaa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuja kujenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar. Nalo lina matao yenye ncha, kama hili la King's.