Maswali yenu ya magari ya katuni: mchoro uko wapi?

Haya tujibu. Maswali ni mengi na mengi yanafanana, yale ya "naomba unielekeze kutengeneza gari la katuni" bila kusema gari gani, ukubwa gani wala una vifaa gani nimeyaruka, hayo sina namna ya kuyajibu. Hapa tunaongelea gari dogo la muvi ya katuni unalolitengeneza mwenyewe kwa mkono kuanzia sifuri, kwa skeli (yani vipimo vyote vya gari la kweli unavigawa kwa namba moja, 1/24 ni kugawa kwa 24), siyo lile la boksi unalounganisha vipande.

Fundi, gundi gani ni nzuri? (Uyole)

Unagundisha nini na nini? Hili swali naletewa kila wiki na hakuna anayetaja kitu chake. Mbao kwa mbao ni gundi nyeupe ya mbao, ubane, ulaze mpaka kesho. Bati na waya ni lehemu. Kikombe cha mtindi kilichoandikwa namba 6 kwenye ile pembetatu ya chini, asetoni kidogo ya kufutia rangi ya kucha, unapitisha kwa brashi nyembamba kwenye ungio na zile pande mbili zinayeyukiana zinakuwa kitu kimoja. Chupa ya maji ni namba 1, hapo asetoni haigundishi kitu. Supagluu iwe ya vitu vidogo tu, na isisogee karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na ukishatokea haufutiki kirahisi.

Ila wewe na wenzako wote mnaoanza na gundi nawauliza, mchoro uko wapi? Gundi ni swali la wiki ya tatu.

Kamwene. Nataka kujenga ile Fiat ya njano ya muvi ya Kijapani, skeli 1/24. Vipimo vyake napata wapi, maana kila nikisimamisha picha nikapima naona gari linabadilika urefu. (Kihesa, Iringa)

Kamwene sana, na hongera kwa kuliona hilo, wengi hawalioni kabisa. Gari linabadilika kweli. Muvi yenyewe ni The Castle of Cagliostro ya 1979, ya Hayao Miyazaki, imechorwa kwa mkono picha moja moja, na mchoraji wa katuni halazimiki kuheshimu rula. Gari likikata kona analivuta, likidunda analibonyeza, likipanda ukuta wa mlima matairi yanavimba. Ukipima picha moja ukapata bodi, ukapima nyingine ukapata milango, unaishia na gari ambalo halipo kwenye muvi wala barabarani.

Dawa yake ni kutafuta gari la kweli lililo chini ya katuni. Hili lako lipo, ni Fiat 500 iliyotoka 1957, na halikuingia kwenye muvi kwa bahati tu. Yasuo Ōtsuka aliyesimamia uchoraji alikuwa anaendesha Fiat 500, na Miyazaki mwenyewe alikuwa na Citroën 2CV ambayo nayo imo mle, ndiyo anayokimbia nayo Clarisse, yule binti wa kwenye muvi. Watu walichora magari waliyoyapanda kila siku, ndiyo maana hata likivutwa vipi unaamini lina uzito.

Gari la kweli lina urefu wa kama sentimita 297, upana 132, kimo karibu hivyo hivyo 132, na kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka la nyuma ni 184. Gawa kwa 24: urefu 12.4, upana 5.5, kimo 5.5, tairi kwa tairi 7.7. Chora hivyo kwenye karatasi ya grafu, ubavuni, mbele, nyuma, juu. Ukimaliza ndio unarudi kwenye muvi kuangalia tabia yake, yani linakaaje, limechoka wapi, mizigo imefungwaje juu, bampa limepinda vipi. Vipimo toa kwa gari, roho toa kwa muvi.

Sasa matairi, hapa ndipo wengi mnaharibu. Mnachukua kizibo cha chupa ya maji kwa sababu kipo tu. Kizibo kina upana wa kama milimita 30, zidisha mara 24 ni sentimita 72, hilo ni tairi la pikapu mnaliweka kwenye gari lenye rimu ya inchi 12! Tairi la hii Fiat kwenye 1/24 linatakiwa liwe kama milimita 21. Nenda kwa fundi bomba umuombe kipande cha bomba la chuma la robo tatu, inchi mbili zinatosha, tundu lake la ndani ni milimita 21 na kidogo. Noa ukingo kwa nje ili makali yabaki upande wa ndani, weka juu ya soli ya ndala nyeusi iliyochakaa, gonga kwa nyundo mara moja kwa nguvu. Linatoka tairi. Lichome na kijiti cha mshikaki katikati, lizungushe juu ya msasa mpaka mabega yaviringike, na kwa ndani weka duara la bati la milimita 12 na nusu, hiyo ndio rimu. Nimeona matairi ya namna hii Mwanjelwa kwa kijana anayeuza vitu vingine kabisa, ameyatengeneza akisubiri wateja, na yanazidi mengi ya dukani.

Na tafadhali usiiwekee grili mbele. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, pua yake haina tundu la rejeta. Hewa inaingilia kwenye matundu ya nyuma, yachore hayo.

Nimepuliza rangi kwenye bodi ya foamu nyeupe ya boksi la TV ikaliwa yote. Kwa nini? (Makambako)

Rangi ya kopo ina tina, na tina inakula ile foamu. Paka kwanza gundi ya mbao mikono miwili (yani tabaka mbili, ya kwanza ikauke ndio ya pili) au bandika karatasi pande zote, ndio upulize.

Kaka, McQueen, lile gari jekundu la muvi ya Cars, ana urefu gani halisi? Google kila mtu anasema lake. (Mwanjelwa)

Hana. Doc Hudson wa muvi hiyo hiyo ana gari lake la kweli, Hudson Hornet ya 1951, kwahiyo huyo unapima. McQueen ni mchanganyiko uliobuniwa na Pixar, kampuni ya katuni, kwa ajili ya Cars ya 2006, na kwenye ile dunia hakuna binadamu wa kumsimamisha pembeni ukalinganisha. Kwahiyo unaenda kwa uwiano. Simamisha picha aliposimama ubavu mtupu, asiwe anakimbia wala anaongea, pima tairi kwenye skrini kisha pima gari zima. Tuseme tairi limekuja milimita 20 na gari 130, maana yake gari ni matairi sita na nusu. Ukiamua kutumia kile kizibo cha milimita 30, na hapa kinaruhusiwa kwa sababu wewe ndiye unayepanga ukubwa, gari lako ni milimita 195. Kila kipimo kingine toa kwenye picha hiyo hiyo MOJA. Usibadilishe picha katikati ya kazi.

Na macho yake yanakaa kwenye kioo cha mbele, siyo kwenye taa. Naona watu wanachora macho kwenye taa alafu wanashangaa sura haifanani.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 11, anampenda yule breakdown mbovu mwenye kutu, anataka kumtengeneza kwa makopo. Namruhusu? (mama, Mafinga)

Marahaba mama, mruhusu, tena kachagua vizuri sana. Huyo ni Mater, wa Cars hiyo hiyo, anafuata umbo la lori la kukokota la International la 1951, watu wa Pixar waliliona limesimama kwenye mji wa Galena, Kansas huko Marekani wakati wanatafuta vitu vya muvi. Ni gari la pembe na mikunjo ya wazi, mtoto anaweza. Sheria ni moja, bati akate mtu mzima, na kila ukingo ukunjwe kwa koleo kabla mtoto hajaushika, ukingo wa kopo unachana kama wembe. Yeye akate vigezo (vipande vya mfano) vya boksi gumu kwanza, avijaribishe vikikaa ndio mvihamishie kwenye bati. Msaidie apime, usimpimie.

Kutu msinunue rangi. Chukueni udongo mwekundu hapo nje, ukaushe, uchekeche kwa kitambaa mpaka ubaki vumbi laini, changanya na gundi ya mbao yenye maji kidogo na mdokoe kwa sponji. Usipake gari zima. Kutu inaanzia panapokaa maji, chini ya milango, kwenye pembe za bodi, kwenye vichwa vya rivet. Mpeleke gereji yoyote pale barabara kuu ya Tanzam amwangalie lori bovu kwa karibu, atajifunza kuliko kwenye video kumi.

Bomba la PVC nalichoma kwenye moto ili niligeuze kuwa shiti bapa lakini linaungua na moshi unanikaba. (Iringa mjini)

ACHA LEO. Ule moshi una tindikali, unaharibu mapafu, na kama unafanyia ndani na kuna watoto ni hatari zaidi. Huhitaji moto kabisa. PVC inaanza kulainika kwenye kama nyuzi 80. Maji yetu huku milimani hayafiki 100 yakichemka, Mbeya kwenye mita 1,700 yanachemkia kama 94, na bado yanatosha na kubaki. Pasua bomba kwa urefu wake, tumbukiza kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni, toa kwa koleo, bana kati ya mbao mbili na uweke tofali juu mpaka lipoe. Chukua bomba jembamba la ukuta mwepesi, la maji taka ni nene mno kwa 1/24.

Siku hizi kuna printa za 3D. Kwa nini tuhangaike na mbao? (Mbeya)

Printa ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mtu anayeshusha faili la mwenzie, anabonyeza kitufe, anapaka rangi nyekundu alafu anaandika "nimetengeneza". Ukichora mwenyewe kwenye kompyuta ukapima ukakosea ukarudia, wewe ni fundi mwenzangu. Ila kwa anayeanza nitasema mbao, hasa paini, na sisi tumekaa jirani na Sao Hill, lile shamba la miti, vipande vinavyotupwa kwenye mashine za kupasulia mbao vinatosha. Paini inachongeka kwa kisu cha kawaida. Tengeneza kigezo cha boksi cha nusu ya bodi, chonga upande mmoja ukikijaribisha, alafu kigeuze kigezo hicho hicho upande wa pili. Pande zitafanana. Mkono ukishajua paa linapoanza kushuka, hata ukienda kwenye kompyuta utajua unachora nini.

Na bodifila, ile ya kuzibia mashimo, siyo mwili wa gari! Nimeona bodi ambazo nusu ni fila, zinapasuka baridi ya Juni ikiingia.

Naweza kujenga ile ngome inayotembea kwa miguu ya muvi ya Howl's Moving Castle? (Njombe)

Siyo sasa. Jenga kwanza gari lenye matairi manne yanayogusa meza yote.

Nikiuza haya magari yenye sura za katuni ni kosa? (Mbalizi)

Kutengeneza la kuweka mezani kwako na kufungua biashara ni vitu viwili tofauti. Sura na jina la mhusika vina mwenyewe, na Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Kabla ya kuuza waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usiulize kwenye magrupu. Mimi ningekushauri uuze Coaster, Fuso la viazi la Uporoto, behewa la TAZARA. Hayo watu wa hapa watayanunua kwa sababu wameyapanda, na wewe unayapima stendi bila kusimamisha picha yoyote.

Rangi yangu ikikauka inageuka nyeupe kama maziwa, nimebadilisha makopo matatu. (Tukuyu)

Makopo hayana kosa. Tina ikiruka inapoza uso wa bodi, na hewa yenu ina maji mengi, Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwahiyo unyevu unagandia kwenye rangi mbichi na kuifanya nyeupe. Puliza siku ya jua, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, usipulize asubuhi ya ukungu wala jioni. Mikono myembamba, subiri kati ya mkono na mkono. Bodi ikae ndani penye joto usiku kucha kabla. Iliyokwisha kuwa nyeupe mara nyingi inarudi ukipuliza mkono mwembamba tena siku kavu, isiporudi piga msasa namba 400 wa maji uanze upya. Kopo unaweza kulikalisha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kupuliza. Usiliweke juu ya jiko la mkaa, wala karibu yake, wala "kidogo tu", linalipuka.