Stempu ya Sultani Iliyogongwa "Jamhuri"

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kasha la marehemu babu nimekuta bahasha iliyotoka Unguja, yenye stempu ya picha ya Sultani ambayo juu yake pamegongwa, kwa wino mweusi na kwa mshazari, maneno "JAMHURI 1964". Je, posta ilikosea? Na je, niiloweke majini nipate kuibandua na kuiweka kwenye albamu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Posta haikukosea. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalipompindua Sultani Jamshid bin Abdullah, posta ilikuwa bado na akiba ya stempu za mwaka 1961 zenye sura ya baba yake, Sultani Abdullah bin Khalifa, aliyefariki mwaka 1963. Kwa kuwa stempu mpya huchukua muda kuchapishwa, na barua hazingeweza kusubiri, zile za zamani ziligongwa muhuri wa Jamhuri kwa mkono. Ndiyo sababu utaona nyingine zimegongwa kombo, nyingine zimefifia, na nyingine maneno yamekaa juu chini. Baadaye zilifuata zilizopigwa chapa kwa mtambo, ambazo herufi zake zimenyooka (na, kwa macho yangu, hazina mvuto hata nusu ya hizo za mkono).

Visiwani njia hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1895 stempu za India, ambazo ndizo zilizokuwa zikitumika huko, zilichapwa neno "Zanzibar" juu yake, hadi zilipotolewa zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini mwaka 1896.

Kuhusu kuibandua, nakusihi usithubutu. Muhuri wa mkono ni rahisi kughushiwa, kwani mtu yeyote anaweza kuchonga wake na kuugonga juu ya stempu kuukuu. Kinachoitetea yako ni muhuri wa tarehe wa posta ulioangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na ukiitenganisha na bahasha ushahidi huo utakatika. Isitoshe, wino unaweza kuchujuka majini. Ihifadhi bahasha nzima mahali pakavu pasipopigwa na jua, maana unyevunyevu wa pwani huozesha karatasi na kuotesha madoa ya kahawia. Kisha chukua kioo cha kukuzia usome tarehe: ikiwa ni ya kabla ya Mapinduzi, neno "Jamhuri" liligongwa baadaye na mjanja fulani.