Joto, Muda na Maji Yaliyofichika: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuosha Boti

Ninyi mnaoanza msimu wa kwanza katika vituo vya ukaguzi wa boti mtakabidhiwa mashine ya presha mapema, na huenda mkaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba boti inayong'aa ni boti salama. Tangu kome aina ya kwaga, kombe wadogo wa majini wanaojishikiza kwenye vitu, walipogunduliwa katika Ziwa Mead, nchini Marekani, mwezi Januari 2007, tumekuwa tukipambana na kiumbe ambaye mabuu yake hayaonekani kwa macho na huishi ndani ya maji yaliyosahaulika kwenye boti. Akishaenea katika ziwa kubwa, huziba mabomba, hula chakula cha viumbe wengine, na hakuna anayeweza kumwondoa tena.

Kinachomuua ni joto likikaa mahali pake kwa muda wa kutosha. Nje ya boti tunatumia maji yenye nyuzi 140 za Farenhaiti, yaani 60 za Selsiasi, na kila sehemu inapaswa kuyapata kwa sekunde 10 au zaidi. Kipimo hicho ni cha pale maji yanapogusa boti, kwa kuwa yakishatoka kwenye bomba hupoa haraka. Kwa hiyo sogeeni karibu, mpitishe mkono polepole, na mtumie kipimajoto badala ya kuiamini namba iliyoandikwa kwenye mashine.

Katika majuma yangu ya kwanza niliosha boti moja kwa bidii kuanzia omo hadi tezi, nikaipeleka kwa mkaguzi mwenzangu nikiwa na hakika kwamba itapita. Alipapasa pembeni mwa propela, akahisi mkwaruzo kama wa msasa, kisha akafungua tangi la samaki hai na kukuta maji chini yake. Mkwaruzo ule ulikuwa wa kome wachanga waliokwisha kujishikiza. Tangu siku hiyo huanza na mahali maji yanapojificha: ngama, matangi ya kuongezea uzito, tangi la samaki, kamba ya nanga, na hata matundu ya trela. Toeni kwanza vizibo vyote na kuyamwaga maji mbali na ziwa. Matangi ya ndani husukutuliwa kwa maji ya nyuzi 120 za Farenhaiti, takriban 49 za Selsiasi, kwa sekunde 130, kwa sababu joto kali zaidi linaweza kuharibu pampu na mipira.

Injini inahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Maji ya moto huingizwa kwa presha ndogo kupitia matundu ya kupoozea, injini ikiunguruma taratibu, hadi yanayotoka yafikie nyuzi 140. Mwenye boti atakuwa amesimama pembeni akitazama saa, naye ana haki ya kuchoka. Mwelezeni kwa upole kinachofanyika, lakini msifupishe.

Kome waliokufa nao wakwanguliwe wote, kwani mkaguzi wa ziwa lingine hana namna ya kujua kama ganda alilolikuta ni la jana au la mwaka jana, na ataizuia boti. Mkimaliza, acheni vizibo vikiwa wazi, na mwambieni mwenye boti aisafirishe boti hivyo hivyo hadi ikauke.